Swali la Kilomita ya Arobaini

Mtu aliyenipofusha nilimfunga kamba kiunoni kwa mikono yangu mwenyewe, nikakaza fundo mpaka akaguna, nikamwambia twende tukaogelee.

"Umekaza sana, Fundi," alisema.

"Ikilegea utanipotea."

Tulikuwa tumesimama kwenye matope ya ukingo wa ziwa, miguu mitupu, katikati ya watu mia kadhaa walionuka mafuta ya kujipaka na woga. Watu huniita Fundi kwa sababu nanyoosha bodi za magari yaliyogongwa. Nazinyoosha mpaka leo, maana bonde la kwenye mlango wa gari hutafutwa kwa kiganja, si kwa jicho. Yeye huitwa Radi. Jina hilo alipewa ulingoni, enzi zile sote tulipokuwa mabondia wa ridhaa, tukivunjana pua kila Jumamosi kwa ajili ya kikombe cha bati na kusifiwa mtaani. Siku hizi ni mlinzi wa bwawa la kuogelea, kazi yake kuwapigia filimbi watoto wanaokimbia kwenye vigae vyenye maji.

Jicho langu la kushoto lilikufa kwa cheche ya chuma karakana, nikalificha nikaendelea kupigana, na hilo sina wa kumlaumu. La kulia alilichukua Radi. Ilikuwa raundi ya mwisho, nilikuwa namzidi pointi na ukumbi mzima ulikuwa unajua. Kengele ikalia. Nikashusha mikono kama mtu yeyote aliyelelewa. Ngumi yake ikaja baada ya kengele, ikanikuta usoni kweupe, na tangu siku hiyo sijaona kitu kingine.

Waamuzi waliteta kidogo, wakasema ni bahati mbaya, ukumbi ulikuwa na kelele. Radi naye akaapa mbele ya watu kwamba hakusikia kengele. Mimi niliyekuwa hatua moja mbele yake niliisikia kama imepigwa ndani ya fuvu langu. Kwa hiyo miaka yote hii nimelala na swali moja na kuamka nalo, na wala si swali kubwa. Ulisikia, au hukusikia?

Sasa, utamwulizaje mtu swali kama hilo akiwa ameshiba na kulala vizuri? Uongo ni kazi. Unataka pumzi, unataka akili ya kukumbuka jana ulisema nini. Lakini mtu aliyekamuliwa mpaka tone la mwisho hana nguvu za kutunga. Nilikwisha kuwaona ulingoni watu wa namna hiyo, hata kujifanya hawajaumia hawawezi. Kwa hiyo nilipojiunga na kikundi cha wakimbiaji wasioona, nikasikia kwamba kuna mashindano ya kutwa nzima, kuogelea karibu kilomita nne, kisha baiskeli mia na themanini, kisha kukimbia arobaini na mbili, na kwamba asiyeona hufungwa pamoja na mwongozaji mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, nilicheka peke yangu barabarani mpaka watu wakanipisha. Nikamtumia Radi ujumbe. Nilitegemea akatae. Alikuja karakana mchana uleule, akasimama kwenye vumbi la rangi, akasema, "Nitakuongoza." Hakuuliza kwa nini yeye.

Mwaka mzima tulifanya mazoezi pamoja, na mwaka mzima sikumwuliza. Nilikuwa nasubiri aive.

Aliyejua ni mke wangu tu. Yeye ni fundi cherehani, ndiye aliyetushonea mikanda ya kuvaa kiunoni na kamba ya mpira ya kutuunganisha. Jioni moja, cherehani inatafuna kitambaa, akaniuliza, "Akisema alisikia, utafanya nini?"

"Nitampiga."

"Na akisema hakusikia?"

"Nitajua anaongopa."

"Halafu?"

"Nitampiga."

Cherehani ikanyamaza. "Sasa swali la nini? Si umpige shemeji hapahapa sebuleni, uoge ulale?"

Hilo neno shemeji lilinikera kuliko jino bovu. Tangu Radi aanze kuja kunichukua kwa mazoezi, mke wangu alikuwa anamwita shemeji, anamwekea chai, anamwuliza hali ya mgongo wa mama yake. Nikamwambia yule si ndugu yangu wala rafiki yangu, ushemeji ameutoa wapi. "Hasira hasara," akasema, akakanyaga tena cherehani yake. Hakunielewa. Kupiga ningepiga, lakini kwanza nilitaka kuisikia kwa kinywa chake. Mtu hawezi kukuchukulia mwanga halafu akabaki na ukweli pia.

King'ora kikalia. Watu wazima wenye kazi zao na watoto wao wakaingia majini kama wanagombania mlango wa nyumba inayoungua.

Nilikuwa nimeambiwa kuwa mwanzo wa kuogelea ni vurugu. Kuambiwa si kupigwa. Kisigino cha mtu kilinikuta mdomoni kabla sijavuta mkono wa tatu, jino likapasuka, nikameza kipande pamoja na maji na damu. Mwingine akanipanda mgongoni. Mwingine akanikwaruza shingo kwa kucha. Asiyeona majini hana mbele wala nyuma. Kuna mateke tu, na kamba kiunoni inayokwambia mwenzako yuko upande gani. Nilijibu. Nilirusha viwiko kila mahali palipogusa mwili, na palipolainika nilirudia.

Halafu kamba ikanasa kitu, ikavutika chini. Jamaa mmoja alikuwa amepita katikati yetu, mpira ukamzunguka shingo. Akapagawa. Akanikumbatia kichwa kwa mikono miwili, akanizamisha ili yeye apande juu. Mtu anayekufa maji ana nguvu za watu wanne, na hana adabu hata kidogo. Nikamtafuta mbavu, nikampiga. Ngumi ya ndani ya maji ni nzito na inachelewa, lakini inafika. Nikampiga tena. Nikapata koo lake, nikalishika.

"Mwache!" Radi alikuwa ananipigia kelele sikioni. "Fundi, mwache, utamuua!"

Sikumwacha. Nasema ukweli, nilikuwa napata raha. Radi akanibana kidole gumba, akakipinda mpaka kikalia, koo likanitoka mkononi. Akamnyanyua yule mtu, akamtoa kamba shingoni, akamsukuma kuelekea kwenye mtumbwi wa waokoaji. Nilimsikia akitapika huku analia, mtu mzima, anamwita mama yake.

"Boya liko kushoto," Radi akasema, pumzi zinampaa. "Twende."

Tukaenda. Maji yalipotulia, watu wakiwa wametawanyika, nikabaki namsikia ubavuni mwangu, mkono baada ya mkono, na nikawaza kwamba shingo yake pia najua ilipo. Niliwaza hivyo kwa muda mrefu, karibu nusu ya ziwa. Kilichomwokoa ni swali langu. Maiti haijibu.

Tulitoka majini mimi natema damu na kidole gumba kimevimba kama ndizi. Msimamizi mmoja akaniuliza kama nataka daktari, nikamwambia nataka baiskeli.

Baiskeli yetu ni ya viti viwili. Radi anakaa mbele kwenye usukani, mimi nyuma, pedali zetu zimeunganishwa kwa mnyororo, akisukuma nasukuma. Na huyu bwana anaongea. Lazima aongee, ndiyo kazi ya mwongozaji, macho yangu yako kinywani mwake. "Tuta. Kona kulia. Mteremko, shika. Shimo, inuka. Tuta." Saa nyingi sauti ileile iliyoapa mbele ya waamuzi inanielekeza mahali pa kuweka uzito wa mwili wangu, nami naitii. Hapo ndipo nilipokuwa na hasira kuliko mahali pengine popote. Si rahisi kumchukia mtu huku unainama anapokwambia inama.

Barabara ilikuwa mbaya na jua lilikuwa baya zaidi. Baada ya mapaja kuanza kukakamaa, mwendesha baiskeli mmoja akaja nyuma yetu, akipiga kelele tumpishe. Radi akasogea. Yule mtu hakungoja, akapita huku anatubana, gurudumu lake likagusa letu, tukaenda chini wote watatu.

Lami huchuna ngozi taratibu, unahisi inavyotoka. Niliserereka kwa ubavu na nyonga mpaka nikakomea kwenye changarawe, baiskeli iko juu yangu, mnyororo unaniuma mguuni. Yule mwenzetu alikuwa ameshainuka. Alikuwa anatutukana. Akasema vipofu wakae nyumbani wasuke mikeka.

"Mpige," nikamwambia Radi.

"Umeumia wapi?"

"Mpige kwanza. Yuko wapi? Nisimamishe mbele yake."

"Ameshapanda baiskeli, Fundi. Ameondoka."

"Alikuwa hapa sasa hivi. Ungemfikia."

"Sipigi watu tena," Radi akasema. Alikuwa anapapasa gurudumu, nasikia vidole vyake vikipita kwenye nyaya.

"Tangu lini?"

"Tangu wewe."

Nilitaka kumtapikia. Nani alimwomba aache? Ningependa nimkute bado ni mtu wa kuvunja watu, mlevi, mpiga mke, ili nimchukie bila vikwazo. Badala yake nina mtu wa makamo, mlezi wa watoto wa bwawani, anayenifuta changarawe kwenye nyonga kwa maji yake ya kunywa. Nikamwambia aache kunishika. Akaacha. Tukapanda, gurudumu linasugua kidogo kila likizunguka, na kilomita zote zilizobaki sikumjibu neno. Yeye aliendelea. Tuta. Kona. Shimo.

Tulipoanza kukimbia jua lilikuwa limeshapita utosini na mimi sikuwa na mguu hata mmoja mzima. Sasa kamba ilikuwa inaning'inia kati ya viuno vyetu. Sheria ni kwamba mwongozaji haruhusiwi kukuvuta wala kukutangulia, anakwenda sambamba nawe, na kwenye mstari wa mwisho asiyeona lazima apite kwanza. Radi alizijua sheria zote kwa moyo. Alinisomea mara nyingi, kama mtu anayesoma ili asikie sauti yake tu.

Kukimbia kwa namna ile ni kujipiga mwenyewe. Kila hatua ni nyundo inayopanda kutoka unyayoni hadi kwenye jino lililopasuka. Kucha zilikuwa zinaogelea ndani ya viatu. Kidonda cha nyonga kilikuwa kimeshikana na kaptula, kila nikitupa mguu kinabanduka upya. Nilitapika mara kadhaa, mwisho nikawa natapika nyongo tupu. Watu walikuwa wameanguka njiani, nawasikia, mmoja anacheka peke yake, mwingine anapiga barabara kwa kiganja na kusema hapana, hapana, hapana.

Lakini nilikuwa nasikiliza kitu kingine. Nilikuwa namsikiliza Radi akiiva.

Mwanzoni alikuwa anaongea sentensi nzima. "Kuna maji mbele upande wako, punguza mwendo." Baadaye yakabaki maneno mawili. Baadaye moja. Alikuwa mzito kuliko mimi na goti lake moja lilikuwa linasaga, nilisikia linavyosaga. Alianza kuyumba. Kamba ikivutika najua ameyumba nje, ikilegea ameyumba ndani. Mara moja akanigonga bega akasema samahani, na samahani yenyewe ikakatika katikati kwa kukosa pumzi. Nilifurahi kama mtu anayesikia maji yakianza kuchemka.

Tukaingia sehemu yenye maghala pande zote mbili. Mwangwi wa hatua zetu ulirudi kutoka ukutani. Hapakuwa na washangiliaji wala meza ya maji.

"Kibao," Radi akasema. "Arobaini."

Nikasimama. Kamba ikamvuta, naye akasimama.

"Bado mbili," akasema. "Ukisimama, miguu itafunga."

"Nataka kukuuliza kitu."

Hakusema nini wala hakusema sasa hivi. Alivuta pumzi, ikaingia kwa mkwaruzo. "Uliza."

"Ile kengele. Uliisikia?"

Kulikuwa na mashine inanguruma ndani ya ghala mojawapo. Niliisikiliza pamoja na pumzi zake. Mikono yangu ilikuwa imeshapanda hadi usawa wa kifua, sikumbuki kuipandisha.

"Nimekusubiri uniulize tangu siku ile karakana," akasema. "Kila siku ya mazoezi nilikuwa najiambia leo ataniuliza."

"Uliisikia?"

"Niliisikia," Radi akasema. "Niliisikia vizuri sana, Fundi, na ule mkono..."

Hapa inabidi nieleze jinsi kipofu anavyopiga. Mwenye macho anaweza kungoja, akachagua, akakupiga ukiwa umenyamaza. Mimi shabaha yangu ni sauti. Sauti ikikoma, uso unatoweka. Kwa hiyo asiyeona hupiga mtu akiwa anaongea. Na kila bondia anafundishwa siku ya kwanza kufunga meno akisimama mbele ya ngumi, kwa sababu taya lililofunguka ni taya lililolegea, na lililolegea linavunjika. Radi alikuwa anajua hayo yote. Aliona bega langu likishuka, haiwezekani hakuona, bondia wa miaka ile. Angepiga hatua moja nyuma, kamba ingevutika. Haikuvutika.

Nilisikia lile neno "na". Naapa nililisikia, na nikajua kuna jambo linafuata. Halafu mfupa ukapasuka chini ya vidole vyangu, mlio kama wa kuvunja kuni mbichi, na uzito wake wote ukaning'inia kwenye mkanda wangu, ukaniangusha juu yake.

Nilifurahi. Sitasema vinginevyo. Miaka ile yote ilitoka kupitia bega langu, nikawa mwepesi. Nikamkalia kifuani, nikatafuta uso wake kwa mkono wa kushoto ili wa kulia ujue pa kwenda, na nikampiga tena, na tena, pua ikasogea, nyusi ikafunguka. Hakuinua mikono. Ya nne ilikuwa hewani vidole vyangu vya kushoto vilipofika kwenye taya, nikakuta limekaa upande, mdomo haufungi, damu na mate vinamwagikia kiganjani mwangu. Nimeshika mabati yaliyokunjika maisha yangu yote. Najua kitu kikivunjika kinavyokuwa. Ya nne sikuishusha.

"Maliza," nikamwambia. "Ule mkono ulifanya nini?"

Akatoa sauti. Haikuwa neno.

"Ule mkono ulifanya nini, Radi? Sema."

Sauti ileile, yenye maji ndani yake. Alijaribu mara tatu. Nilimwinamia mpaka sikio langu likalowa, na sikupata kitu, kwa sababu ulimi peke yake hautamki, na vingine vyote nilikuwa nimevivunja. Wepesi wote ukanitoka. Ule mkono ulikuwa umeshatoka kengele ilipolia? Au kengele ililia, akaisikia, na ndipo akautuma? Yote mawili yanaanza kwa maneno yaleyale. Nimemvumilia mwaka mzima, nimemkokota ziwani na barabarani mpaka akaiva, na alipofungua kinywa kunipa nilichokuja kukichukua nikakivunja kinywa.

Pikipiki ikaja, ikasimama. Msimamizi wa mbio akashuka, viatu vyake vizito.

"Kuna nini hapa? Nani amemfanya hivi?"

Radi akajiinua kwa kunishika bega. Nilihisi mkono wake ukienda huku na huku, anaeleza kwa ishara.

"Mwenzako anaonyesha kwamba alijikwaa, akaangukia ukingo wa barabara," msimamizi akasema. Sauti yake haikuwa na imani. "Ni kweli?"

Nikisema ni mimi niliyempiga, tunaondolewa sote wawili, na polisi juu yake. Nilitafuta ukweli kwa mikono yote miwili kutwa nzima, na mtu wa kwanza kuniuliza ukweli nilimjibu, "Mimi sioni, bosi."

Ni vigumu kubishana na jibu hilo. Akasema gari la wagonjwa litamchukua mwongozaji, na mimi mbio zangu zimeishia hapo, maana bila mwongozaji siruhusiwi. Radi akatikisa mkanda. Akanivuta mkono, akausimamisha mwili wangu, akanigeuza uso upande wa kukimbilia. Msimamizi akamwambia, "Wewe, taya limevunjika." Radi akanisukuma mgongoni, tukaanza, na msimamizi hakutushika.

Kilomita mbili. Nilikuwa nimejipofusha mara ya pili, safari hii kwa mkono wangu mwenyewe. Hakuna tuta, hakuna kona, hakuna shimo. Alinigonga bega la kushoto nikajua kushoto, akanigonga la kulia nikajua kulia, lakini kwa ukingo wa barabara hatukuwa na ishara, nikaupiga kwa ugoko na kwenda chini kwa uso. Akaninyanyua. Mbele kidogo nikaingia kwenye uzio wa chuma, kifua kikalia. Akanitoa. Kila aliponyanyua mzigo wangu alinguruma kwa maumivu puani, na damu yake ikanidondokea shingoni, ya moto kuliko jasho. Mimi ndiye nilikuwa naongea sasa. Nilimwambia pumua. Nilimwambia tema, usimeze. Nilimwambia samahani, na sikumbuki kama nililimaliza neno lenyewe.

Washangiliaji walikuwa wanapiga makelele mwishoni, halafu tulipokaribia wakanyamaza kundi baada ya kundi, nikajua wamemwona uso. Mbele ya mstari Radi akasimama nyuma yangu, akaweka kiganja katikati ya mgongo wangu, akanisukuma nipite kwanza. Kisha akaanguka, nami nikaanguka naye, maana bado tulikuwa tumefungwa.

Hema la matibabu lilikuwa linanuka dawa na nyasi zilizokanyagwa. Walikata kamba kwa mkasi. Nesi alisema taya limevunjika mahali pawili, atapelekwa hospitali kufungwa waya, na kuongea asahau kwa wiki nyingi. Mke wangu akanikuta nimekaa chini kando ya kitanda cha Radi. Akasimama.

"Nani amempiga shemeji?"

Akaninyanyua mkono wa kulia, akaugeuza, akaangalia vifundo vya vidole. Akauachia ukaanguka wenyewe.

"Alisema nini?" akauliza.

"Alisema aliisikia."

"Basi umepata."

"Kuna kilichobaki. Alikuwa hajamaliza." Nikamwambia yale maneno, yote, mpaka kwenye ule mkono.

Nesi alikuwa anasikia. Akasema mgonjwa anaweza kuandika, akampa kalamu na karatasi. Nikangoja mlio wa kalamu kwenye karatasi, sikuusikia.

"Ameisukuma kalamu," mke wangu akasema. "Anakunyooshea wewe kidole. Hataki kuandika nikusomee mimi. Anataka uisikie kinywani mwake." Akachuchumaa karibu nami. Nilidhani ataniliwaza, maana kila siku huanza kwa kunigombeza akamalizia kwa kuniliwaza. "Hebu niambie," akasema polepole. "Ulimsikia bado anaongea?"

"Nilimsikia."

"Ulijua bado hajamaliza?"

"Nilijua."

"Sasa mbona hukuuzuia mkono?"

"Ulikuwa umeshaondoka," nikasema.

Nilikuwa wa mwisho mle hemani kusikia nilichosema. Kitandani Radi akatoa sauti ndefu puani, ikakatika, ikaanza tena, na vyuma vya kitanda vikawa vinatikisika.

"Anafanya nini?" nikamwuliza mke wangu. "Anacheka?"

"Analia," akasema.

Nikapapasa ukingo wa kitanda mpaka nikaupata mkono wa kulia wa Radi. Vidole vilikuwa vimekunjwa ngumi. Nikaushika hivyohivyo.